Mkulo Haujibu

Simu ya upepo ya Same ilizimwa siku ya Jumatano, na aliyeambiwa aizime ni Ernesta mwenyewe. Bwana Anthony, mkuu wa ofisi, alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akitazama uani ambako Landrova ya mwisho ilikuwa inasukumwa kwenda kungoja mnada.

"Waage tu, Mama Victoria," alisema. "Usirefushe maneno."

Ernesta akavuta kiti. Kwa zaidi ya miaka kumi yeye ndiye aliyekuwa sikio la mtandao ule wa vituo vya kupima misitu. Kila asubuhi saa moja, vituo vilivyotawanyika kwenye misitu ya milima, kuanzia Upare na Usambara hadi Uluguru na huko Njombe, vilimwita kimoja kimoja, kila kimoja kwa jina lake la mti: Mvule, Mninga, Mkangazi, Mkulo. Walimpa mvua iliyonyesha, kina cha mto, unene wa miti iliyopigiliwa vibati vya namba, ndege walionaswa wavuni na kuachiwa. Yeye alipokea akapeleka Dar es Salaam, na kutoka huko habari zilikwenda kwa wataalamu wa ndani na nje. Wao walisema mtandao ule ni kama tabibu aliyeshika mkono wa mgonjwa akisikiliza mshipa; siku ukiuachia huo mkono, hujui tena mgonjwa anaendeleaje.

Mkono ukaachiwa. Wafadhili waliondoka, serikali ikaanza kupunguza watu kazini, na zile zilikuwa nyakati za ruksa: maduka yamefurika bidhaa, na watu wanapita wakizila kwa macho. Vituo vikafungwa kimoja baada ya kingine, ikafika mahali Ernesta anaita majina anajibiwa na mvumo mtupu.

Jumatano ile vilikuwa vimebaki vinne. Vitatu vilijibu, vikaaga. Mzee mmoja wa Uluguru alishindwa kumaliza alichotaka kusema. Cha nne kilikuwa Mkulo, kibanda cha bati ndani kabisa ya msitu wa Shengena, juu ya Chome, alikokaa Aminieli peke yake. Betri ya Aminieli ilikuwa imechoka siku nyingi. Alipokosa nguvu ya kupeleka sauti alibonyeza kitufe mara mbili, tk, tk, na Ernesta akajua yu hai. Asubuhi ile hakusikia kitu, au alisikia akadhani ni mikwaruzo ya hewa.

"Mkulo, Mkulo, hapa Same," aliita. "Tunafunga leo. Hakuna atakayekuita tena. Shuka nyumbani, kaka."

Mkulo haukujibu. Bwana Anthony akakohoa. Ernesta akazima.

"Na huyu wa Shengena atajuaje?" aliuliza.

"Atatumiwa mtu."

Hakutumwa mtu. Bwana Anthony alihamia Arusha kujaribu biashara ya vipuri, ofisi ikatiwa kufuli, na Ernesta akaanza kuuza mitumba pale sokoni Same, akitenganisha suruali za watoto na makoti yasiyofaa kwa joto la tambarare. Kilichomtesa ni saa moja ya asubuhi. Atakuwa anachochea moto wa chai, mara masikio yake yanaanza kusubiri yenyewe, bila kumwomba ruhusa.

Mvua za vuli zilipoanza, mwanamke mmoja mtu mzima alisimama mbele ya meza yake, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo," Ernesta alisema, akidhani ni mteja.

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa simu ya upepo?"

"Ndiye niliyekuwa."

"Mimi Eliaichi, mke wa Aminieli. Natoka Maore. Nimefika ofisini kwenu nikakuta kufuli, wakanielekeza huku. Nimekuja kuuliza kama mume wangu bado anasikika hewani."

Ernesta aliikunja upya suruali ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Eliaichi akaendelea kueleza, polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima. Kila mwisho wa mwezi Aminieli alikuwa anashuka Maore kuchukua unga na mafuta ya taa. Sasa miisho miwili ya mwezi ilikuwa imepita. Mtoto wao Hezroni alikuwa Dar, hana kazi wala nauli. Wanaume wa kijijini walikataa kupanda, kwa sababu msitu ulikuwa umejaa wapasua mbao, na wapasua mbao walikuwa na kisasi na Aminieli. Ni yeye aliyewataja kwa simu ile hadi askari wakaja kuwakamata.

"Lakini nilikuwa najiambia, mnaongea naye kila asubuhi," alisema. "Hilo ndilo lililokuwa linanipa usingizi."

"Mama Hezroni, hatuongei naye. Tumefunga tangu kabla ya mvua."

Eliaichi hakulia. Aliketi juu ya belo la nguo, akayatazama matope ya miguu yake.

"Basi nitapanda mwenyewe," alisema.

"Tutapanda wote."

Kesho yake alfajiri walipata lori lililokuwa linapanda kufuata viazi. Liliwafikisha mahali barabara ilipokatwa na maporomoko, wakateremka, wakaendelea kwa miguu. Ukungu uliwapokea kwenye mpaka wa msitu. Ernesta alikuwa amezisikia habari za msitu ule karibu kila siku ya utu uzima wake, lakini hakuwahi kuukanyaga, na alichokiona mwanzoni hakikufanana na chochote alichowahi kusikia. Kulikuwa na visiki vyenye upana wa meza, na mashimo ya kupasulia yaliyojaa maji. Unga wa mbao ulikuwa umetapakaa njiani hadi mguu ukawa unazama, na harufu yake kali, ile harufu ya dawa ya kifua, ilimwingia puani mpaka macho yakatoka machozi. Bondeni misumeno ilikuwa inakwenda na kurudi.

Halafu, kama mtu aliyevuka kizingiti, wakaingia mahali ambapo hakuna kisiki. Mikulo mikubwa ilisimama, mashina yamevaa kuvu na majani ya mwituni, na kila shina lina kibati kidogo usawa wa kifua. Ernesta alikifuta kimoja kwa kanga. Kumi na saba. Aliufahamu mti huo. Mwaka wa ukame mkubwa alikuwa anauliza hali yake kama mtu anavyouliza hali ya mtoto wa jirani, na Aminieli akamjibu, umekonda kidogo, lakini upo.

Ndipo wakasikia sauti.

"Same, Same, hapa Mkulo. Nakupata vizuri sana. Ndiyo. Waambie mabwana misitu waje na gari kubwa. Ndiyo, nimewaona kwa sura."

Eliaichi alishika mdomo. Wakakimbia, wakateleza, wakainuka, wakakimbia tena hadi kibandani.

Aminieli alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango ulioachwa wazi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na waya wake ulikuwa unaning'inia tu, haukuunganishwa na kitu. Ndevu zilikuwa zimemla uso. Paja la kulia lilikuwa limevimba likapasua mshono wa suruali, na chini ya goti ngozi ilikuwa imebadilika rangi. Harufu ya mle ndani iliwasimamisha wote wawili.

"Eliaichi," alisema, kisha akamtazama yule mwingine. "Na wewe ni nani?"

"Mimi Same," Ernesta alijibu, kwa sababu hilo ndilo jina alilomfahamu nalo.

Aminieli akatabasamu, midomo ikapasuka. "Nilidhani u mnene."

Eliaichi alipiga magoti akamlaza kichwa mapajani pake. Habari ilitoka vipande vipande. Siku kadhaa nyuma upepo ulikuwa umeinamisha mlingoti wa antena. Akapanda kuunyoosha, mguu ukateleza, akaanguka juu ya mawe, na mfupa wa paja ukalia kama ufito unaovunjika. Alijikokota hadi ndani. Alikula unga mbichi. Maji aliyapata kwenye kipima mvua, alichokivuta karibu kwa fimbo. Alisema alikuwa anapima kwanza, ndipo anakunywa.

"Sasa ulikuwa unaongea na nani, kaka?" Ernesta aliuliza.

Aminieli akaashiria bondeni kwa kidevu. "Na wao. Jumatano ile nilikusikia vizuri. Nilibonyeza, wewe hukunisikia. Nikajua yamekwisha. Lakini hawa hawajui. Wakiuona mlingoti umesimama, wakinisikia ninaita kila asubuhi, hawavuki kuja kwenye miti ya namba. Wanaogopa. Nilisema nitakaa, nisishuke hata kufuata unga, mpaka waje watu wengine, pengine wafadhili wengine. Si lazima waje? Haiwezekani watu wapime miaka yote ile halafu waache hivi hivi." Alimshika Ernesta mkono, na mkono wake ulikuwa unachoma kwa homa. "Msiwaambie. Chochote kitakachotokea. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," Ernesta alisema. Ndilo neno alilomwambia kila asubuhi, na lilitoka lenyewe.

Walijaribu kumwinua. Alipiga ukelele mmoja akazimia. Walipomshusha, Eliaichi aliubonyeza mguu kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki shimo. Kijiji cha karibu kilikuwa mbali, na wanaume wake walikwisha kukataa. Nje ukungu ulikuwa unageuka mvua, na huko bondeni misumeno haikupumzika hata kwa mvua.

"Kule kuna wanaume," Eliaichi alisema, bila kumtazama mwenzake.

Ernesta akaenda.

Aliwakuta kwenye shimo la kupasulia, mmoja juu ya gogo, mmoja chini, wengine wanapanga mbao. Walipomwona walisimama wote. Aliyetangulia kusema alikuwa mtu mrefu mwenye kovu mkononi. Jina lake Gregori, Mbena wa Njombe, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa kwao.

"Mama, umepotea?"

"Mzee wa kituo amevunjika mguu. Anakufa. Naomba mnisaidie kumbeba hadi Maore."

Mmoja wa vijana alicheka kidogo, akaacha.

"Tunajua kuna jambo," Gregori alisema. "Siku hizi anaongea akiwa amelala. Sauti inatokea chini." Akafuta meno ya msumeno kwa kiganja. "Mama, mimi nilikuwa nakata mkonge huko tambarare. Shamba likafungwa, tukaambiwa nendeni makwenu. Kwetu nitakwenda na nini? Nikapanda huku. Mwenzangu niliyepanda naye alikamatwa kwa sababu ya simu ya mzee huyo. Alitoka rumande na kifua, hakumaliza mwaka. Nilimzika mimi, hapa hapa, maana kwao hatukujua ni wapi hasa."

"Pole sana, baba."

"Nimepoa. Sisemi afe. Binadamu ni binadamu. Lakini niambie ukweli. Asubuhi hii nimemsikia akiita askari. Nikimbeba nikamfikisha barabarani, si ndio nimejipeleka mwenyewe? Wamekaa wananingoja na pingu."

"Hakuna askari."

"Unajuaje?"

Ernesta alisikia maji ya mvua yakimtiririka mgongoni. Akilini alimwona Aminieli akivuta kipima mvua kwa fimbo. Aliona kibati cha kumi na saba. Baadaye, alipojaribu kukumbuka, alidhani lazima alisimama pale muda mrefu. Lakini haukuwa mrefu, maana aliyekuwa juu ya gogo hakupata hata nafasi ya kuteremka.

"Najua kwa sababu aliyekuwa anampokea ni mimi," alisema. "Simu imefungwa. Ofisi imefungwa. Anaongea na waya mtupu. Hakuna anayemsikia."

Wale wanaume wakatazamana. Gregori akatazama juu, kule mikulo mikubwa ilikosimama ndani ya ukungu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya vuli."

"Kwa hiyo hata ile ya namba," alisema polepole, "haina mwenyewe."

Ernesta hakujibu. Gregori alimngoja, akaona hajibu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia walete mbao mbili ndefu na magunia.

Machela waliifunga kwa kamba za katani. Mguu waliubana kwa mabanzi, na Gregori alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, taratibu, akimwambia mgonjwa vumilia mzee, vumilia kidogo. Walikuwa sita, wakipokezana. Njia ya kushukia upande wa Maore ni kali hata kwa mbuzi. Mvua ilikuwa imeigeuza utelezi, na mara mbili walianguka wote isipokuwa mmoja, machela ikabaki hewani kwa mikono yake. Eliaichi alitembea kando ameshika vidole vya mumewe. Ernesta alifuata nyuma.

Walipopumzika kwenye jabali moja, Aminieli alizinduka. Alipapasa ubao aliolalia, akaleta vidole puani.

"Mbao za mkulo," alisema. Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, kisha akamtafuta Ernesta kwa macho. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, kaka."

Aminieli akageuza uso upande wa mlima.

Walimfikisha hospitali ya misheni jioni, Gregori na wenzake wakaishia kwenye ua wa michongoma, hawakuingia. Madaktari walikata mguu usiku uleule, juu ya goti. Kwa siku kadhaa ilikuwa haijulikani kama atapona. Homa ilishuka ikapanda, ikashuka. Eliaichi alilala sakafuni chini ya kitanda, na Ernesta alikuwa anapika uji nje kwenye jiko la wauguzaji, akimpelekea, na kila alipoingia, mgonjwa alifumba macho. Mwishowe daktari alisema ataishi. Ernesta akarudi Same kwenye meza yake ya mitumba.

Habari za mlimani zilimfikia sokoni bila kuzitafuta. Mpasua mbao mmoja aliyekuja kununua koti alisema huko Shengena sasa hakuna mwenye kuuliza. Kila kundi lina eneo lake, na watu wanakuja hadi kutoka Mufindi. Kabla ya Krismasi miti yote ya namba ilikuwa chini. Vibati vilikunjwa vikawa vya kuzibia sufuria.

Mwezi wa kwanza alikwenda Maore. Alimkuta Aminieli amekaa barazani kwa wakwe zake, gongo limeegemezwa ukutani, jasho linamtoka kwa joto ambalo hakulizoea. Mtu mrefu mwenye kovu alikuwa ndiyo kwanza anaondoka. Alimwamkia Ernesta kwa heshima, akapita. Kwenye mkeka palikuwa na sahani mbili za makande zilizoliwa na pakiti ya sukari.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akakaa. Kuku walipita. Alitafuta la kusema, akamuuliza anaendeleaje na kidonda, akajibiwa kimepona. Mwisho alishindwa kuvumilia.

"Yule unakula naye," alisema. "Mimi hata kunitazama hutaki."

Aminieli alijibu, na sauti yake haikuwa na hasira.

"Gregori alikuwa mwizi, na anajua kuwa alikuwa mwizi. Hajawahi kuniambia ananisikia. Wewe nilikuomba kitu kimoja."

"Ungekufa."

"Ndiyo," alisema. "Ningekufa."

Kulikuwa na kitu cha kumjibu, Ernesta alikuwa na hakika kipo, na alikitafuta mpaka jua likahama baraza, asikipate. Aliinuka, akaaga. Aminieli akaitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa huko juu, ambako kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za wazee wa Maore, mgongo wa mlima ulionekana una mapengo, kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno.

Eliaichi alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amemfungia mchele kwenye kitambaa, akambebesha, akamrekebishia fundo kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni.

"Mimi sijui mambo ya miti," alisema. "Usiku nikigeuka namkuta yupo. Anakoroma. Hilo tu ndilo naweza kukuambia, Mama Victoria."

Wakasimama hadi gari lilipotokea. Lilikuwa lori la mbao, limejazwa hadi likaegemea upande mmoja, na dereva akapunguza mwendo akiuliza kwa mkono kama kuna abiria wa Same. Hakukuwa na gari jingine siku hiyo. Eliaichi alimshikia mchele, Ernesta akapanda.